Miezi kumi na miwili ni ya nani? Majibu kwa wasomaji wa Lubumbashi

Wiki hii barua nyingi zinauliza juu ya mesothelioma, kansere ya utando mwembamba unaofunika mapafu, na mara nyingine ule wa tumbo. Karibu kila mara inaletwa na vumbi la asbesto, madini ya nyuzinyuzi yaliyotumika kuzuia joto la boila na kutengeneza paa.

*Baba ana miaka 71, alikuwa fundi wa boila. Docta ametuambia miezi 12. Tuanze kuhesabu? (Binti, Katuba)*

Hapana, mwanangu. Hiyo ni namba ya katikati: nusu ya wagonjwa wanafariki kabla yake, nusu wanaipita, na wachache wanaipita mbali sana. Stephen Jay Gould, profesa wa Harvard, alipata mesothelioma ya tumbo mwaka 1982, wakati namba ya katikati ilikuwa miezi 8. Alifariki mwaka 2002, kwa kansere nyingine kabisa.

Lakini nisikutie asali mdomoni. Gould alikuwa na miaka 40, si 71. Hata Marekani, wanaofikisha miaka 5 ni kama mtu 1 kwa kila 10. Rudi kwa docta umuulize seli ni za aina gani. Za epithelioidi zinakwenda polepole kuliko nyingine. Za sakomatoidi zinakimbia. Zikichanganyika, ni katikati. Uliza pia ugonjwa uko kifuani au tumboni. Ya tumbo, kwa wale wanaofaa kupasuliwa na kuoshwa ndani kwa dawa ya moto, imewapa wengi miaka kadhaa. Halafu mtazame baba mwenyewe. Anatembea? Anamaliza bukari yake? Docta naye anaangalia hayo kabla ya kuchagua dawa.

*Mjomba amemeza dawa za kifua kikuu miezi sita. Maji ya kifuani yanatolewa, yanarudi. (Kijana, Ruashi)*

Kwetu maji ya kifuani yakionekana kwenye picha ya radio (eksirei), kifua kikuu ndicho kinachofikiriwa kwanza, na mara nyingi ni kweli. Yakirudi baada ya dawa kuisha, omba achukuliwe kipande cha ule utando kikapimwe. Maji peke yake mara nyingi hayaonyeshi seli za kansere hii. Na mwambieni docta kazi aliyofanya ujanani, hata kama ni ya miaka 40 iliyopita, kwa sababu ugonjwa huu hulala miaka 20 mpaka 50.

*Mume wangu hakuvuta sigara hata moja. Imetoka wapi? (Mama, Kampemba)*

Pole, mama. Sigara haileti mesothelioma; karibu kila mara ni lile vumbi la asbesto. Ukichanganya sigara na asbesto, kinachopanda sana ni kansere ya mapafu yenyewe, ambayo ni ugonjwa mwingine.

*Nyumba yetu ya zamani ina eterniti (mabamba ya saruji ya paa). Tuitoboe tupate hewa? (Baba, Kamalondo)*

Msitoboe! Eterniti nyingi za zamani zina asbesto, na ikiwa nzima haina hatari kubwa. Hatari ni msumeno, nyundo, na kusugua kwa burashi kavu. Ikibidi kuishusha, ilowesheni maji, ishuke ikiwa nzima, watoto wakiwa mbali. Vipande msivifanye kifusi cha kujazia uwanja.

*Tuuze lupango (kiwanja chetu) tumpeleke kaka nje akapasuliwe kifua? (Ndugu watatu, komini ya Kenya, hapa Lubumbashi)*

Mimi nisingeuza, si kwa upasuaji huo. Uingereza walilinganisha wagonjwa waliopasuliwa na kupewa dawa na wale waliopewa dawa tu. Matokeo yaliyotoka mwaka 2024: waliopasuliwa waliishi muda mfupi zaidi, miezi 19 kwa 25 katikati, na walipata madhara mengi zaidi. Fedha ikiwepo, ulizeni kwanza dawa. Sisplatini na pemetreksedi ndizo za zamani. Za kuamsha kinga ya mwili, nivolumabu na ipilimumabu, zilifikisha miezi 18 katikati, mahali dawa za zamani zilifikisha 14. Kwa seli zinazokimbia tofauti ilikuwa kubwa zaidi. Bei yake, lakini, ni ya kutisha.

Kilicho karibu ni kumtolea maji, kisha kumwekea unga wa talki kati ya mapafu na ukuta wa kifua ili yasirudi, na morfini kidogo ya kutuliza pumzi. Msiiogope hiyo morfini. Ikitolewa na docta kwa kipimo, haimuui mtu. Kaka ataweza kulala usiku bila kukaa ameegemea ukuta.