Kabla hujanunua kitabu kingine

Mdogo wangu, umesema uko hapa Dodoma, umenunua vitabu vitatu vya kujiendeleza na vyote vimekuacha palepale. Pole sana. Kingine usikinunue kwa jalada. Simama hapohapo mezani kwa muuzaji, fungua katikati, soma kurasa mbili. Ukikuta "jiamini, utaweza" tu, bila mtu aliyefanya jambo likamgharimu, kirudishe.

Mimi kilichonijenga ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini cha Shaaban Robert. Anasimulia kazi, ndoa, kufiwa na mkewe Amina, na kuwausia wanawe kwa tenzi. Pale kwa Amina nilifunga kitabu nikakaa kimya. Kisome polepole, kalamu mkononi.

Hela ikibana, anza maktaba ya mkoa; ukirudia kukiazima, ndipo ununue chako.