Maswali na majibu: Mungu akiitwa vitani

Ni kweli vita vingi vya siku hizi vinaletwa na dini?

Tazama tarehe kwanza. Saddam Hussein alitawala Iraq kwa chama cha Baath, ambacho hakikuwa cha kidini, na mashehe waliompinga hakuwa na simile nao. Agosti 1990 akaivamia Kuwait. Ugomvi ulikuwa wa madeni na mafuta, tena Wakuwaiti ni Waislamu wenzake. Januari 1991, siku chache tu kabla ndege za Marekani na washirika wake hazijaanza kushambulia, bendera ya Iraq ikaongezewa maneno "Allahu Akbar". Vita vilikuwa vimeshaamuliwa. Takbiri ililetwa kuita watu. Mara nyingi siasa hutangulia, kisha dini huitwa kufanya kazi ambayo siasa haiiwezi: kumfanya kijana aone kufa ni heri. Sisemi kwamba dini ni kanzu tu ya kuvalia shughuli. Wapo wanaopigana kwa kuamini hasa, na bila wao kanzu hiyo isingemfaa mwanasiasa yeyote.

Mbona hata watu wa dini moja wanapigana, na kila upande unadai Mungu ni wake?

Urusi na Ukraine zote zina Waorthodoksi wengi. Jumatano, 21 Septemba 2022, Putin alitangaza kuwaita askari wa akiba. Jumapili iliyofuata, Patriaki Kirill wa Moscow akahubiri kwamba anayekufa akitimiza wajibu wake wa kijeshi, sadaka hiyo humsafisha dhambi zote. Hesabu mwenyewe: siku nne. Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraine lililokuwa chini ya Moscow lilikuwa limeshatangaza kujitegemea tangu Mei mwaka huo. Waumini walewale, ibada ileile, ila risasi zinatoka pande mbili.

Kwa nini kila mara wanatajwa Waislamu? Wakristo hawafanyi hivyo?

Wanafanya. Mwaka 2010 iligundulika kwamba darubini za bunduki za wanajeshi wa Marekani, zilizotumika Iraq na Afghanistan, zilikuwa na maandishi madogo mwishoni mwa namba ya modeli: JN8:12. Ni Injili ya Yohana, "Mimi ndimi nuru ya ulimwengu." Askari anafumba jicho moja, anamlenga mtu, na aya iko pale pembeni ya shavu lake. Kampuni iliyozitengeneza ilikubali kuacha baada ya kelele.

Tena wakati mwingine huazimana Mungu. Mwaka 1980 Zbigniew Brzezinski, mshauri wa usalama wa Rais Carter wa Marekani, alikwenda mpakani mwa Pakistan na Afghanistan akawaambia wapiganaji wa Kiislamu kwamba Mungu yuko upande wao. Adui wakati huo alikuwa Msovieti. Miaka 21 baadaye Rais Bush akaviita vita dhidi ya ugaidi vita vya msalaba, na siku chache baadaye Ikulu yake ikaeleza kusikitishwa na neno hilo. Majeshi yake yakaingia Afghanistan ileile.

Viongozi wenyewe wanaamini wanachosema?

Ya moyoni ni ya Mungu. Aliyeangukiwa na kombora halimpungukii uzito kwa sababu aliyelirusha alikuwa mcha Mungu wa kweli.

Wako wapi viongozi wa dini wanaokataa?

Wapo, ila wakibariki husikika kuliko wakikataa. Siku ya Jumatano ya Majivu, 5 Machi 2003, Kadinali Pio Laghi alifika kwa Bush akitumwa na Papa Yohane Paulo II, kumsihi asiivamie Iraq. Akapokewa kwa heshima zote. Tarehe 20 mabomu yakaanza kuanguka Baghdad. Msumbiji mambo yalikwenda vizuri zaidi: jumuiya ya Kikatoliki ya Sant'Egidio iliwakalisha serikali na waasi wa RENAMO mezani mjini Roma kwa zaidi ya miaka miwili, hadi mkataba ukatiwa saini 4 Oktoba 1992.

Vita vikishaitwa vitakatifu, vinamalizwaje?

Kwa shida kubwa. Iraq ilipoivamia Iran mwaka 1980, Saddam aliviita vita vyake Qadisiyya, jina la vita ambavyo Waislamu wa Kiarabu waliwashinda Waajemi katika karne ya 7. Iran nayo ikayapa mashambulizi yake jina la Karbala, mahali alipouawa Imamu Hussein, mjukuu wa Mtume. Kufikia katikati ya 1982 Iran ilikuwa imeurudisha mji wa Khorramshahr na sehemu kubwa ya ardhi yake, na palikuwa na nafasi ya kusimama. Mpaka wa nchi unaweza kujadiliwa. Damu ya Imamu Hussein utaijadili na nani? Wakaendelea miaka sita mingine. Julai 1988 Khomeini, kiongozi wa Iran, alipokubali azimio namba 598 la Umoja wa Mataifa la kusimamisha vita, alisema kulikubali ni sawa na kunywa sumu. Mpaka ulibaki karibu palepale ulipokuwa.