Kumchora barobaro: mudi iko kwenye kivuli

Watu wengi wananionesha picha za vijana walizochora alafu wananiuliza, mbona amefanana kabisa lakini inaonekana kama picha ya kitambulisho? Jibu langu ni lile lile, umemulika kila kitu. Macho yote mawili mpaka kope, sikio, kola ya shati, sasa anayetazama umembakishia nini?

Hebu itafute kwa simu ile picha Rembrandt, yule mchoraji wa Uholanzi, aliyojichora mwenyewe mwaka 1628 hivi, akiwa na miaka kama 22, iko kwenye makumbusho ya Rijksmuseum kule Amsterdam. Ni ndogo kweli, kimo chake hakifiki sentimita 23. Mwanga unampiga shavuni, kwa ndewe ya sikio na shingoni basi, macho yako gizani na we unajikuta unasogea kumtafuta. Alafu angalia nywele, zile za msokoto aligeuza brashi akazikwaruza na mpini rangi ikiwa bado mbichi!

Sasa huku kwetu, usimkalishe kijana nje saa sita, jua la Mombasa litakuharibia uso wote. Mi napenda nyumba za Mji wa Kale manake vichochoro ni vyembamba, mwanga unagonga kwanza ukuta wa jirani uliopakwa chokaa ndo unaingia dirishani, ukifika umeshalainika. Zima taa, mkalishe ubavu kwa dirisha, na pozi usimwambie kabisa coz atakaza taya. Mpigishe stori za mpira mpaka zimuishie, akinyamaza tu hapo hapo anza.

Rangi nyeusi ya chubu iweke kando, ngozi yetu ukiipiga nyeusi na nyeupe inageuka jivu. Chukua ile kahawia nzito ya bent amba uchanganye na buluu ya altramarini, unapata giza lenye uhai, na pale mwanga unapokutana na kivuli tia wekundu kidogo wa bent siena. Ule mng'aro wa kipaji cha uso nao mara nyingi si mweupe, una ubuluu uliopauka, ni mbingu hio inajionesha kwenye ngozi.

Alafu kingo. Upande wa kivuli, taya na shingo zipitishie brashi kavu polepole mpaka usijue moja inaishia wapi. Pembe za mdomo vivyo hivyo, usizipigie laini, ukizipandisha kidogo tu kijana ashaanza kucheka na hukumchora akicheka. Kwa kazi hii rangi za mafuta zinakupa nafasi, akriliki hukauka upesi, kwa hivyo kama ndo uliyo nayo zima feni, weka chupa ya kupulizia maji karibu.

Na kama ni oda ya mamake, mwoneshe mchoro wa mkaa kabla hujafungua rangi. Akina mama wanataka mtoto anang'aa, ukimpelekea kazi imeisha atakuuliza jicho la pili liko wapi na salio lako utalisikia mwezi ujao.