Kompyuta ikigoma kuchaji, usikimbilie kununua betri

Betri niliyoagiza Dar es Salaam ilinifikia Kigoma siku ya tisa. Pamoja na gharama ya kusafirisha ilinitoka shilingi 85,000. Nikaifunga kwenye kompyuta mpakato, nikachomeka chaja, nikakaa kuitazama. Asilimia 7. Baada ya nusu saa, bado 7. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa wiki ileile, na maswali yote yalikuwa humo ndani.

Betri ya zamani haikuwa na kosa. Uliokatika ni waya mmoja mwembamba ndani ya chaja, na fundi aliurudisha kwa shilingi 5,000.

Naandika kwa ajili yenu mlioko Mwanga, Ujiji, Kasulu, na popote ambako spea hazipo dukani. Aliyeko Kariakoo akikosea kununua, kesho anarudi kubadilisha. Sisi tuko zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kwa hiyo kosa moja linakula hela na siku zako zote za kazi. Usitume pesa kabla hujajua kilichokufa ni kipi.

Anza ukutani. Chomeka simu kwenye soketi ileile uone kama inaingiza. Achana na ekstensheni, nenda moja kwa moja kwenye soketi ya ukuta. Halafu angalia ule waya unaotoka ukutani kuingia kwenye boksi la chaja. Huwa unalegea pale unapoingia, na kwa kuwa ule wa matundu matatu hutumika kwenye chaja nyingi, azima wa jirani ujaribu. Boksi likiwa na taa, itazame vizuri. Ikiwaka ukutani kisha ikazimika mara tu unapochomeka kwenye kompyuta, usiendelee kujaribu: huenda kuna shoti upande wa mashine, mpelekee fundi.

Lipo na jambo lisilogharimu hata senti. Zima kompyuta, chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Umeme uliobaki ndani unaisha, na mara nyingine mashine inarudi kuchaji yenyewe. Yangu haikurudi.

Nilipofika kwa fundi, jirani na soko la Mwanga, hakuigusa betri kabisa. Aliuliza, "Mwalimu, ukichomoa chaja haikai, inazima?" Nikamwambia ndiyo. "Na ikiwa imechomekwa inafanya kazi, ila asilimia haipandi?" Ndiyo. Akapima chaja kwa mita: volti 19.4, wakati kibandiko kinasema 19.5. Nikaona chaja ni nzima. Akatikisa kichwa, akanionyesha kisindano kilichopo katikati ya kichwa cha chaja.

Hapo ndipo nilipojifunza kitu ambacho ningependa kila mwenye kompyuta akijue. Kwenye chaja kama yangu, kile kisindano hakipitishi umeme wa kuchaji. Kinaiarifu kompyuta kuwa chaja hii ni halali na ni ya wati ngapi. Waya wake ukikatika, kompyuta inawaka kwa umeme wa chaja, lakini inakataa kuilisha betri kwa sababu haijui chaja ina uwezo gani. Mita inaonyesha volti safi kabisa, na wewe unailaumu betri. Waya wangu ulikatikia shingoni, karibu na kichwa, kwa sababu kila jioni nilikuwa nauzungushia boksi kwa kuukaza.

Ukitaka kuazima chaja ya mtu ili ujaribu, usitazame tundu tu. Soma kibandiko. Volti zilingane na za kwako, na ampea ziwe sawa au zaidi. Chaja ya volti 19.5 na ampea 3.34 ni ya wati 65. Ukiipa mashine inayotaka wati 65 chaja ya wati 45, inaweza kuchaji kwa kusuasua au isichaji kabisa. Wenye kompyuta za tundu la Type-C, chaja ya simu ya kawaida ya volti 5 isiwadanganye kwa kuingia vizuri.

Na betri yenyewe? Kwenye Windows fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili utakalopewa. Linganisha uwezo wa kiwandani na uwezo wa sasa. Yangu ya zamani ilikuwa bado inashika zaidi ya robo tatu. Dakika mbili tu zingeniokolea zile 85,000, na hili linaniuma mpaka leo. Kama betri inasimama kwenye asilimia 60 au 80 kila siku, huenda umewasha mpangilio wa kutunza betri, kama ule ulio kwenye kompyuta nyingi za Lenovo. Hapo hakuna ubovu. Lakini ukiona sehemu ya kupitishia kidole (touchpad) imeinuka au mfuniko wa chini umebinuka, betri imevimba. Zima, usichaji tena, na usiitoboe kwa vyovyote: inaweza kushika moto.

Fundi alikata waya urefu wa vidole vinne juu ya shingo, akaunga kichwa kingine, akalehemu nyaya zote tatu na kuzivalisha mpira. Tukachomeka. Tukasubiri bila kusema kitu. Ikasoma 8, kisha 9. Niliondoka pale ikiwa 31, na usiku huo nikamaliza sehemu B ya mtihani.