Jibu: Daladala ya Uyole–Mbalizi inawahi mno kwenye kompyuta

Habari ndugu. Umesema barabara ya Uyole–Mbalizi, hapa Mbeya, umeitoa OpenStreetMap (ramani huria ya mtandaoni) ukaiingiza kwenye SUMO, programu ya kuiga mwendo wa magari kwenye kompyuta, lakini daladala yako ya kuigiza inafika Mbalizi mapema kuliko daladala yenyewe. Mimi pia yalinikuta.

Kwanza angalia magari yanapita upande gani. SUMO imetengenezwa Ujerumani, wanakoendesha upande wa kulia wa barabara. Usipowasha chaguo la lefthand (magari yapite kushoto, kama kwetu) unapoigeuza ramani iwe ya SUMO, vituo vinahamia ng'ambo ya barabara.

Kazi kubwa iko kwenye muda wa kusimama. Nadhani umeweka sekunde 20 kila kituo. Daladala zetu zinangoja abiria, hazifuati saa. Nilipanda simu ikirekodi njia kwa GPS, daftari mapajani, nikaandika kila tuliposimama na tulipoondoka. Pale Kabwe konda aliita hadi kiti cha mwisho kikajaa. Iyunga akashusha mmoja, akagonga bodi, tukaondoka. Vituo hivyo viwili huwezi kuvipa muda mmoja! Panda asubuhi, mchana na jioni, siku tofauti, ndipo ukipe kila kituo muda wake. Inachosha, lakini bila hiyo kazi unachora barabara isiyo na watu.

Halafu weka malori yanayopita kwenda mpakani Tunduma. Ramani uliyoingiza haina miinuko, kwa hiyo kule Iwambi lori lenye mzigo litapanda kama liko tambarare. Lipunguzie mwendo wewe mwenyewe kwenye kipande hicho.

 Weka faili lako la njia hapa nilitazame.