Ukifiwa na Mzazi Katikati ya Kwaresima

Kama umefiwa na mzazi na Juma Kuu limekaribia, utawasikia watu wakikwambia ujikaze, maana Pasaka ni sikukuu ya furaha. Wanakutakia mema. Mimi nilimzika mama Kwaresima ya mwaka 2025, na nakuomba usikimbilie Jumapili. Hata Bikira Maria alipitia Ijumaa ile, na Jumamosi nzima baada yake.

Mama tulimzika kijijini, upande wa Marafa, bila Aleluya. Sisi Wakatoliki hatuliimbi neno hilo tangu Jumatano ya Majivu hadi mkesha wa Pasaka, hata msibani. Iliniuma, kwa kuwa mama alikuwa mwanakwaya. Baadaye ukimya ule ulinifariji: Kanisa zima lilikuwa limenyamaza pamoja nasi.

Nenda kanisani hata kama huwezi kuimba. Keti karibu na mlango, ukizidiwa utoke upunge hewa. Na ukiambiwa kwamba machozi yako ni upungufu wa imani, kumbuka Betania. Yesu alijua kuwa atamfufua Lazaro, na bado akalia. Hilo limenishika kuliko mahubiri mengi niliyoyasikia. Paulo naye hakuwakataza Wathesalonike kuhuzunika; aliwakataza kuhuzunika kama watu wasio na matumaini.

Halafu wapokee wanaokuja. Mwaka ule Ramadhani na Kwaresima zilikutana, na majirani zetu Waislamu hapa Malindi mjini, nao wakiwa wamefunga, walituletea uji na mbaazi za nazi magharibi ilipoingia. Huu ni mji wa namna hiyo tangu zamani. Mmisionari Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita hapa mwaka 1542 akielekea India, yeye na wenzake wakamzika msafiri mwenzao aliyefariki, na katika barua yake aliandika kuwa Waislamu wa hapa walipendezwa na jinsi Wakristo wanavyowazika wafu wao. Jirani akibisha hodi, mfungulie, hata kama huna la kusema.

Jumamosi Kuu ndiyo iliyonielemea zaidi, na ndiyo nakusihi usiijaze shughuli. Altare iko tupu, tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, iko wazi, mchana hakuna misa. Ndivyo nyumba inavyokuwa wageni wa matanga wakishaondoka. Siku hiyo mimi na mama wadogo tulizikunja leso za marehemu, tukagawana, tukalia, tukanyamaza. Hakuna aliyemhimiza mwenzake.

Ukiwa na nguvu, usiku nenda kwenye mkesha. Moto huwashwa nje, mshumaa wa Pasaka ukawashwa kwa moto huo, ukaingizwa kanisani taa zote zikiwa zimezimwa. Mshumaa huo ndio unaowashwa mtoto anapobatizwa, na ndio unaowekwa kando ya jeneza katika misa ya maziko. Nilikuwa nalijua jambo hilo tangu katekisimu, lakini usiku ule lilinigusa kwa namna nyingine. Tumaini letu juu ya mama halikuanza siku aliyokata roho, tukilitafuta kwa haraka kama dawa. Lilianza siku aliyobatizwa. Alipokufa alikuwa nalo tayari, na sisi tulibaki kulishika. Aleluya ilipoinuliwa sauti ilinikwama, nikaimba hivyo hivyo, kwa ajili yake.

Usitarajie kuamka Jumapili umepona. Mimi sikupona. Nilikula pilau na ndugu zangu, na katikati ya kula nikainuka nikaenda kulia uani. Pasaka ya Kanisa ina siku 50 hadi Pentekoste, kwa hiyo una muda.

Jambo moja zaidi. Pita ofisi ya parokia uandikishe nia ya misa kwa ajili ya mzazi wako, na uchague Jumapili ya kawaida, wiki kadhaa baada ya sikukuu, simu za pole zitakapokuwa zimepungua. Waambie jumuiya yenu ndogo ndogo tarehe hiyo, waje mkae benchi moja.