Kabla hujamnyang'anya simu

Binti wa kaka yangu alikuwa kidato cha tatu aliponiomba shilingi 15,000 za sabuni. Sabuni gani ya bei yote hiyo? Akainama, akawa anachezea pindo la kanga. Nilipombembeleza, akanipa simu. Kwenye TikTok kuna dada kajitanda vizuri, sauti tamu, anasema ute unaomtoka msichana ni uchafu na asiyejisafisha ndani hatapata mume. Mwisho wa video, namba ya WhatsApp ya kuagizia mzigo.

Kumbe mtoto alikuwa na hofu hiyo miezi minne.

Nilitamani kuifungia ile simu kabatini. Lakini kesho yake angetazama kwa rafiki yake, nami nisingejua. Tukakaa kitandani tukaitazama pamoja, mara tatu. Nikamwambia ute ni kawaida. Katikati ya mzunguko huwa mwepesi, unavutika kama ute wa yai, kisha hubadilika. Uke hujisafisha wenyewe. Ukitia sabuni ndani unaua bakteria wanaoulinda, na muwasho huanzia hapo. Nje, maji yanatosha. Ukiona rangi imebadilika au harufu ni kali, nenda zahanati.

Halafu tukatafuta nyingine. Tulimpata mkunga anayeeleza hayo hayo kwa mchoro, hauzi chochote. Alieleza hata P2, kidonge cha dharura cha kuzuia mimba: imezwe ndani ya saa 72, mapema ndiyo bora, na haikingi VVU. Watu kama huyu nawashukuru kwa dhati. Kwetu Tanga msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo, mwanamke wa kumfunda, na wangu alinifundisha kufunga kitambaa na kunyamaza. Ila somo alikuwa nyumba ya tatu. Akikudanganya, mama yako anajua pa kumpata.

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, tazama naye, na sikiliza mwisho wa video kuliko mwanzo. Je, anamtisha mtoto kwanza ndipo amuuzie? Je, anataja viungo kwa majina yake? Wengi hufumba wakiogopa video zao kufutwa, na mtoto anabaki na mafumbo kumi asiyoweza kumwambia nesi. Tena ukiitazama moja hadi mwisho, mtandao unakuletea za namna hiyo hiyo. Sisi tulizikataa moja moja, tukawafuata wakunga na madaktari. Na kama kuna mtu anamwomba picha za utupu, namba 116 ni ya bure, Tanzania na Kenya.

Siku hizi ananitumia mwenyewe: "Shangazi, na hii?" Jumatatu ilikuja inayosema maumivu ya hedhi huisha ukishazaa. Nami niliambiwa hivyo hivyo, nikaamini miaka yote. Jumamosi tunakwenda wote kumuuliza nesi.